Hisabati ambayo mhadhiri huiruka

Sisi wanafunzi wa hisabati tunapojitosa kwenye programu huria za aljebra huwa tunaingia na ndoto ileile: nitachukua algoriti (utaratibu wa hatua za kukokotoa) moja nzito niliyosoma muhula huu, nitaiandika vizuri, nitaitoa, na watu wataitumia. Mimi nami nilikuja na ndoto hiyo, na algoriti yenyewe sijaiandika mpaka leo. Vilivyokubaliwa kutoka kwangu ni vitu vya namna nyingine kabisa: sentensi chache za maelezo, mifano ya majaribio, na maswali. Maswali hasa. Kumbe hisabati inayopungua zaidi humo ndani si ile ngumu. Ni ile ambayo mhadhiri huiruka ubaoni akisema "kesi ya sifuri iko wazi" au "tuchukulie karakteristiki ni 0", yaani tuko kwenye namba ambamo kujumlisha 1 tena na tena hakurudi kamwe kwenye 0. Ubaoni hilo linapita, kwa sababu wote mliomo darasani mna akili ya kujaza pengo. Kompyuta haijazi pengo lolote. Mtu asipoiandikia cha kufanya kwenye kesi ya sifuri, itafanya chochote, tena bila kusita.

Nianze na kuchagua programu, maana hapo ndipo wengi hukwama kabla hata ya kuanza. Ziko nyingi, na kila moja ina ukoo wake. GAP ilianza mwaka 1986 huko Aachen, Ujerumani, chini ya Joachim Neubüser, na kazi yake kubwa ni nadharia ya makundi, yaani mikusanyo ya vitu vinavyoweza kuzidishwa na kutenguliwa. PARI/GP imetoka Bordeaux, Ufaransa, kwa Henri Cohen na wenzake, na ni ya watu wa nadharia ya namba. Singular ya Kaiserslautern na Macaulay2 ya Daniel Grayson na Michael Stillman ni za wanaocheza na polinomia zenye herufi nyingi. Maxima ni mzao wa Macsyma, iliyoanza katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1960. SageMath, aliyoianzisha William Stein mwaka 2005, imezichukua nyingi kati ya hizo na kuziunganisha kwa lugha ya Python, ili mtu asilazimike kujifunza lugha mpya kila anapohama tawi la hisabati. SymPy nayo imeandikwa kwa Python tupu.

Neubüser alikuwa na hoja moja ambayo naona inaeleza kwa nini programu hizi zipo. Teoremu ya Sylow, mojawapo ya nguzo za nadharia ya makundi, alisema, unaweza kuisoma pamoja na uthibitisho wake maktabani, kisha ukaitumia maisha yako yote bila kumlipa mtu. Lakini amri ya kompyuta inayokutafutia kundi dogo la Sylow, katika mifumo mingi, unalipia leseni, na ndani yake huruhusiwi kuchungulia. Kwa mwanahisabati jambo la pili ndilo linalouma zaidi. Jibu lisilokaguliwa si uthibitisho.

Kigezo changu cha kuchagua kilikuwa chepesi: chukua programu ambayo tayari unaitumia kwenye mazoezi yako, kwenye tawi ambalo ukipata jibu la ajabu unaweza kulihakiki kwa karatasi na kalamu. Usichague kwa ukubwa wa jina. Angalia pia ufungaji. SymPy inahitaji maktaba moja tu ya ziada, mpmath, kwa hiyo ndani ya dakika chache unakuwa na nakala unayoweza kuihariri. SageMath ukiijenga kutoka msimbo wake wa asili itakula saa kadhaa za kompyuta ya kawaida, na ukikatishwa katikati huenda ukaiona siku nzima imepotea. Simkatishi mtu tamaa. Nasema tu kwamba siku ya kwanza isiwe ya kupigana na ufungaji.

Nilipoanza kusoma msimbo, kitu cha kwanza kilichonishangaza ni jinsi watu wazima, wenye shahada zao, wanavyotofautiana kwenye mambo ambayo darasani hayachukui hata dakika. Polinomia sifuri ina digrii ngapi, yaani kipeo chake kikubwa cha x ni kipi? Iulize SageMath kuhusu polinomia yenye herufi moja, itakujibu −1. Iulize SymPy, itakujibu hasi isiyo na kikomo. Yote mawili yana mantiki. Hasi isiyo na kikomo inailinda kanuni kwamba digrii ya zao ni jumla ya digrii; −1 ni namba kamili ya kawaida, haivurugi kitanzi kinachohesabu kutoka digrii kushuka chini. Hatari inakuja mtu anapohamisha msimbo kutoka upande mmoja kwenda mwingine huku akiamini kwamba digrii ni digrii.

Makundi ndiyo balaa zaidi. Kundi la ulinganifu wa mraba lina elementi 8. Katika GAP unaliita kwa kuandika DihedralGroup(8). Katika SageMath unaandika DihedralGroup(4). Jina ni lilelile, namba iliyo ndani ya mabano ina maana tofauti: mmoja anataja idadi ya elementi, mwingine idadi ya pembe. Na pamutesheni, yaani upangaji upya wa vitu, je? Zidisha (1,2), inayobadilishana 1 na 2, kwa (2,3) katika GAP, utapata (1,3,2), yaani 1 inakwenda 3, 3 inakwenda 2, na 2 inakwenda 1, kwa sababu GAP hutenda kuanzia kushoto. Vitabu vingi hutenda kuanzia kulia kama tunavyofanya na fomula, na humo jibu ni (1,2,3). Kila baada ya muda hutokea mtumiaji mpya anayeripoti jambo la namna hii kwa herufi kubwa, kwamba programu haijui kuzidisha.

Mchango wangu wa kwanza ulizaliwa kwenye ripoti kama hiyo, katika mradi ambao jina lake halina umuhimu hapa. Watunzaji walikuwa wakijibu swali hilo tena na tena kwa subira. Nikafungua maelezo ya amri yenyewe, nikaona hayasemi popote zao linasomwa kuanzia upande gani. Nikaongeza sentensi mbili na mfano mmoja: pamutesheni mbili, zao lake, kisha mahali 1 inapokwenda hatua kwa hatua. Basi. Hakuna algoriti wala teoremu. Lakini mfano ule, kama ilivyo desturi ya miradi hii, si pambo: kompyuta huuendesha kila mara msimbo unapobadilishwa, na jibu likitofautiana hata kwa alama moja, kengele inalia. SageMath inadai kila amri iwe na mifano ya namna hiyo. Kwa hiyo sentensi zangu mbili zikawa pia mlinzi: atakayegeuza mpangilio wa kuzidisha atajulikana papo hapo.

Hilo lilinifundisha mahali pa kuanzia kusoma. Msimbo wa aljebra ukiusoma kutoka juu kwenda chini utakuchosha. Anza na mifano na majaribio. Humo ndimo yalimo makovu yote ya mradi: kila jaribio la ajabu ajabu limewekwa kwa sababu siku moja kitu kilivunjika.

Sasa niseme kuhusu msimbo wenyewe, kwa sababu mwanafunzi wa hisabati akiufungua mara ya kwanza huona uchafu. Tukitaka kigawo kikubwa cha shirika cha polinomia mbili, sisi tunajua algoriti ya Euclid, ya kugawanya na kuchukua baki tena na tena, mistari mitano hivi. Ukifungua faili husika unakuta kurasa kwa kurasa, na Euclid hayupo, au yuko pembeni kama njia ya mwisho. Kwa nini? Nilipata jibu nilipokaa na mfano maarufu alioutumia mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth. Chukua

x⁸ + x⁶ − 3x⁴ − 3x³ + 8x² + 2x − 5

na

3x⁶ + 5x⁴ − 4x² − 9x + 21.

Vizigeu vyake, yaani namba zinazozidisha vipeo vya x, ni vidogo, mtoto wa sekondari hawezi kuviogopa. Sasa tumia Euclid, na ili kukwepa sehemu, zidisha kwanza kwa namba inayotosha kabla ya kila kugawanya. Baki la kwanza ni −15x⁴ + 3x² − 9. Hapo bado mambo ni shwari. La pili ni 15795x² + 30375x − 59535. La tatu tayari lina namba za tarakimu 16. La mwisho ni namba tupu, 12593338795500743100931141992187500, tarakimu 35, na maana yake yote ni kwamba polinomia hizi hazina kigawo cha pamoja. Kazi yote hiyo kwa ajili ya kusema "hakuna". Polinomia zikiwa kubwa kidogo, kumbukumbu ya kompyuta inajaa kabla jibu halijatoka.

Halafu fanya hesabu hiyohiyo kwa masalia ya 5, yaani kila namba ibadilishe kwa baki lake ikigawanywa kwa 5. Polinomia ya pili inakuwa 3x⁶ + x² + x + 1. Baki la kwanza, ukiondoa kizidisho cha mbele, ni x² + 2. La pili ni x. La tatu ni 2. Imekwisha, kwenye kipande cha karatasi, bila kikokotoo. Na hitimisho linarudi hadi kwenye polinomia za asili: vizigeu vya mbele ni 1 na 3, na 5 haivigawanyi, kwa hiyo kama kungekuwa na kigawo cha pamoja chenye x ndani yake, kingeonekana pia kwenye masalia ya 5. Hakikuonekana, basi hakipo. Njia za namna hii ziliwekwa sawa na watu kama George Collins na W. S. Brown tangu miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa 1970, na ndizo zilizojaza kurasa zile nilizoziona chafu. Zile "ikiwa" na "vinginevyo" zote ni uangalizi: je, namba tasa tuliyochagua inagawanya kizigeu cha mbele? Je, tumebahatika vibaya, tukapata kigawo kikubwa kuliko cha kweli? Je, moja ya polinomia ni sifuri?

Tangu hapo siufungui msimbo bila karatasi pembeni. Naendesha amri kwa mfano mdogo, nauandika kwa mkono, nalinganisha hatua kwa hatua. Ni polepole. Lakini sijaona njia nyingine ya kuuelewa.

Mambo ya ufundi nitayapita haraka kwa sababu yanajifunzika. Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ni ya lazima, na inatosha ujue kutengeneza tawi, kuhifadhi mabadiliko yenye ujumbe unaoeleweka, na kulilinganisha tawi lako na lile kuu. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukichanganya marekebisho ya hitilafu na kupanga upya nafasi za faili zima, mkaguzi hatajua aangalie nini. Mambo ya leseni yachukulie kwa uzito. SageMath na GAP ziko chini ya GPL, leseni inayotaka kazi itokanayo na msimbo wake ibaki chini ya masharti hayohayo, SymPy iko chini ya BSD, iliyo legevu zaidi, kwa hiyo huwezi kuchota msimbo wa GAP ukauweka ndani ya SymPy hata kama ni hisabati ileile. Algoriti unaweza kuisoma kwenye makala ya utafiti na kuiandika mwenyewe upya. Mwanafunzi wa hisabati hilo linamwia gumu kidogo, kwa kuwa kwetu ukweli ukishathibitishwa ni wa wote.

Upo pia mpango wa Google wa kuwalipa wachangiaji wapya, ulioanza mwaka 2005, na tangu 2022 hauwahusu wanafunzi peke yao. SymPy hutaka mwombaji awe ameshatoa mchango hata mdogo kabla ya kumfikiria. Wenzangu wengi huusubiri mpango huo ndipo waanze. Naona wanageuza mambo: anayeanza mapema kwa vitu vidogo, maombi yake hujiandika yenyewe.

Kungoja ndiko kunakochosha. Unatuma mabadiliko, kimya. Wiki inapita, kimya. Mara nyingi si dharau; watunzaji wengi wana madarasa ya kufundisha, tasnifu za kusimamia, na watoto wa kulaza. Mara moja mkaguzi alinijibu kwa ukali hadi nikafunga kompyuta nikaenda kutembea. Niliporudi nikayasoma maneno yake tena nikiondoa ukali nikaacha hoja. Hoja ilikuwa nzuri, nikaifuata. Mtu mwingine angeondoka, na nisingemlaumu.

Dawa ya kungoja niliipata bila kutarajia: nikaanza kukagua kazi za wengine. Miradi hii ina njaa ya wakaguzi kuliko waandishi. Katika SageMath, kwa mfano, badiliko haliingii mpaka mtu mwingine aliangalie na kulipatia kibali, na foleni ya yanayosubiri huwa ndefu. Mwanafunzi anadhani hana mamlaka ya kukagua. Lakini hakuna anayemwuliza cheti. Anaulizwa kama ameuendesha msimbo, kama mifano inapita, na kama hisabati iko sawa. La tatu ndilo waandishi wazuri wa programu wasio na hisabati hushindwa, na sisi hapo ndipo nyumbani.

Nitaeleza ukaguzi mmoja. Amri iliyohusika ilikuwa ya kuondoa marudio kwenye vigawo vya polinomia: ukiipa (x − 1)²(x + 2), ikurudishie (x − 1)(x + 2). Njia ya kitabuni ni fupi na nzuri. Chukua polinomia f, tafuta derivati yake (xⁿ hugeuka nxⁿ⁻¹), tafuta kigawo kikubwa cha shirika cha hizo mbili, kisha igawanye f kwa kigawo hicho. Mstari wa kwanza wa teoremu husema "karakteristiki iwe 0", na jicho huuruka.

Mtumiaji mmoja alikuwa ameripoti kwamba katika masalia ya 3, amri ile ilipopewa x³ + 1 ilirudisha 1. Polinomia ya digrii 3 imeyeyuka! Sababu inaonekana ukiandika: katika masalia ya 3, x³ + 1 ni sawa na (x + 1)³, na derivati yake ni 3x², ambayo ni 0. Kigawo kikubwa cha shirika cha f na 0 ni f yenyewe, na f ukiigawanya kwa f unabaki na 1. Mchangiaji mmoja, hodari wa Python kuliko nitakavyokuwa mimi, alileta marekebisho safi: derivati ikiwa 0, chukua kipeuo cha tatu cha polinomia kisha rudia. Mifano yake yote ilipita, msimbo unasomeka vizuri, na mtu mwingine alikwisha kuusifu.

Nikachukua karatasi. Derivati ikiwa 0 moja kwa moja, sawa, amelimaliza. Je, ikiwa si 0 lakini kuna kigawo kimojawapo kilichojificha? Nikajaribu x⁴ + x. Katika masalia ya 3 ni x(x + 1)³. Derivati ni 4x³ + 1, yaani x³ + 1, ambayo si 0, kwa hiyo mlango mpya aliouweka haufunguki. Kigawo kikubwa cha shirika ni x³ + 1. Gawanya, unabaki na x peke yake. Jibu sahihi lilipaswa kuwa x(x + 1). Kile kigawo x + 1 kimemezwa, na safari hii bila dalili, maana x inaonekana jibu la kawaida kabisa. Polinomia ikigeuka kuwa 1 mtu hushtuka. Ikipungua kidogo tu, nani atajua?

Nikaandika mfano huo kwenye ukaguzi, pamoja na hatua zake, nikauliza: hapa tunapata nini? Sikuandika msimbo hata mstari mmoja. Mwenzangu alijibu siku ileile kwa kuishukuru karatasi yangu, akabadilisha mpango: kwanza toa vigawo vinavyoonekana kwa njia ya kawaida, kisha angalia kilichobaki baada ya kuviondoa kabisa, hicho lazima kiwe kipeo cha tatu cha polinomia nyingine, chukua kipeuo chake, rudia. Kwenye mfano wetu kinachobaki ni x³ + 1, kipeuo chake ni x + 1, na jibu linakamilika. Mfano wa x⁴ + x ukaingia kwenye majaribio ya kudumu.

Kisha akauliza yeye, na swali lake lilikuwa zuri kuliko langu: je, kipeuo hicho kipo siku zote? Kwa masalia ya namba tasa, na kwa fildi (mifumo ya namba ambamo unaweza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya) zote zenye idadi ya elementi inayohesabika hadi mwisho, kipo. Lakini programu inaruhusu pia vizigeu viwe sehemu za polinomia za herufi nyingine, tuseme t, juu ya masalia ya 3. Humo x³ − t ina derivati 0, na bado haigawanyiki, kwa sababu t haina kipeuo cha tatu ndani ya fildi hiyo. Wala haina marudio ya kuondoa humo. Tukijaribu kuchukua kipeuo tunagonga ukuta, na tukirudisha polinomia kama ilivyo lazima kwanza tuwe na uhakika kwamba kipeuo hakipo, jambo ambalo herufi zikiwa nyingi si la mstari mmoja.

Tulikubaliana amri ihudumie fildi zenye elementi zinazohesabika hadi mwisho, na kwa nyingine ikatae waziwazi na kumwambia mtumiaji sababu, badala ya kubahatisha. Sehemu iliyobaki bado iko wazi, na nimeomba niandike majaribio yake kabla ya msimbo wenyewe. Nimeanza na x³ − t, ambayo inapaswa kurudi kama ilivyo, na x³ − t³, ambayo ni (x − t)³ na inapaswa kurudi x − t. Ya tatu ni zao la hizo mbili, na hiyo bado naipigia hesabu kwenye karatasi.